Kidole cha Mkufunzi

Kwetu Ikoma, anayeamkia shambani huwaza tembo waliotoka hifadhini usiku. Udongo wenyewe hauogopi. Msumbiji na Angola, vita vilipokwisha, watu waliuogopa udongo, na sehemu ya tiba ya hofu hiyo imetoka hapa hapa Tanzania: Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambako shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini.

Kinda huzoeshwa kwanza mikono ya watu, kelele, nyasi zenye umande. Kisha hujifunza mlio mmoja wa kifaa kidogo anachobonyeza mkufunzi: tik, halafu ndizi. Ndipo huletewa chujio dogo la chai lenye baruti ya TNT. Akiiganda harufu ile kwa pua, sekunde chache bila kuyumba, anasikia tik. Akinusa na kupita, hapati kitu. Mlio ukichelewa kidogo tu, buku amefundishwa jambo jingine kabisa. Kubonyeza si kazi. Kazi ni kukizuia kidole huku mnyama uliyemlea anakutazama akingoja ndizi. Hilo hurudiwa asubuhi baada ya asubuhi, kwa takriban miezi tisa, na ninawaheshimu mno wanaoliweza.

Mtihani hufanyika uwanjani. Buku huvishwa mkanda, hufungwa kwenye kamba iliyoshikwa na watu wawili, akaenda upande huu na kurudi. Ni mwepesi mno kulipua bomu, na hashughuliki na misumari wala vizibo vya soda. Ndiyo maana eneo la kiwanja cha tenisi hulimaliza kwa nusu saa, ilhali mwenye kifaa cha kutambua chuma anaweza kutumia hadi siku nne. Akikwaruza ardhi, mtegua mabomu ndiye anayefukua.

Mwaka 2015 Msumbiji, walikofanya kazi buku hao, ilitangaza kwamba maeneo yake yote yaliyojulikana kuwa na mabomu yamesafishwa. Magawa, buku mzaliwa wa Tanzania, alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Hadi anastaafu mwaka uliofuata alikuwa amegundua mabomu 71 ya ardhini.

Lakini nchi haijajitosheleza kwa kuletewa mnyama hodari. Wakambodia wenyewe hujifunza kuishika kamba, kumzoea buku wao na kutambua mkwaruzo wa kweli. Naye, hata awe amefuzu Morogoro, hupimwa upya kwao kabla ya kuruhusiwa kukanyaga shamba la mtu.