Mtoto Anayecheza na Msomi Anayeandika: Kuhakiki Chaga Childhood

Wahakiki wa fasihi ya watoto hapa kwetu tuna kawaida moja. Tukishika kitabu cha mtoto tunakimbilia dhamira na ujumbe, fani inapewa aya moja mwishoni, na mtoto mwenyewe hatajwi kabisa. Katika makala haya nataka kuitazama kawaida hiyo kupitia kitabu ambacho si cha watoto, ila kinawahusu: Chaga Childhood cha O. F. Raum, kilichotolewa na Oxford University Press mwaka 1940. Kinaeleza malezi na elimu ya asili ya Wachagga wa Kilimanjaro, na maktabani hakisumbuliwi sana.

Raum hakuwa mgeni wa kupita. Baba yake, mmisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani, alitoa sarufi ya Kichagga cha Moshi mwaka 1909, na yeye mwenyewe aliwahi kufundisha walimu pale Marangu. Shabaha yake ni kuwajibu waliodai kwamba pasipo na shule hapana elimu. Jomo Kenyatta alishalijibu dai hilo kwa upande wa Wakikuyu katika Facing Mount Kenya mwaka 1938, na Mwalimu Nyerere alikuja kulirudia katika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967: mtoto wa zamani alijifunza kwa kuishi na kutenda. Hoja hiyo ni njema, na siipingi. Ninachosema ni kwamba hoja njema nayo inaweza kumponza mwandishi.

Kitabu kinamfuata mtoto toka tumboni hadi utu uzima, na karibu kila jambo linaulizwa swali lilelile: hili linamfundisha nini? Wimbo una kazi, ngano ina kazi, mchezo una kazi. Ukisoma kurasa nyingi mfululizo unaanza kuwaonea huruma watoto hawa ambao, kwa kalamu ya Raum, hawapumziki kuelimishwa.

Halafu unafika kwenye michezo, na hapo kitabu kinabadilika. Raum anakataa kabisa kwamba mchezo ni kuiga tu. Mambo mengi ya wakubwa mtoto anafichwa, anasema, kwa hiyo anaokota vipandevipande anavyoruhusiwa kuviona na kwa hivyo anaunda jamii ya wakubwa ya kubuni. Na katika kubuni huko anawakejeli wakubwa wenyewe. Jamani, kama hii siyo maana ya msanii, basi sijui tunafundishwa nini darasani! Anayebagua, anayetia chumvi, anayetania wenye nguvu kwa kuwaigiza mbele ya hadhira yake ndogo, huyo ana fani na maudhui kuliko waandishi kadhaa tunaowatungia maswali ya mtihani.

Ukitaka ushahidi nenda kihamba chochote saa ya jioni. Kwetu Uru nimemwona binti mdogo akicheza ualimu. Wanafunzi wake ni migomba. Anauliza swali, mgomba haujibu, anaucharaza kwa kijiti. Anauliza mwingine, nao kimya, anaucharaza. Kisha anasimama, mkono kiunoni, anaiambia migomba yote kwamba wazazi wao wanapoteza hela. Nani atathubutu kusema binti huyu anajifunza kumheshimu mwalimu? Hiyo ni tashtiti, na shabaha yake aliipata sawasawa.

Kosa la Raum liko hapo hapo alipofanya vizuri. Amegundua kejeli, lakini maneno ya hao wenye kukejeli anatunyima. Kinachotufikia zaidi ni maelezo ya mtu mzima, kwa Kiingereza: walifanya hivi, wakasema vile. Mnyumbuko wa sauti, utani wa jina la jirani, tusi lililomchekesha kila mtu, vyote vimebaki mlimani. Linganisha na wazee. Bruno Gutmann, mmisionari wa Old Moshi, aliyaandikia mafundisho ya Wachagga juzuu tatu nzima kati ya mwaka 1932 na 1938. Fimbo ya mregho, yenye alama zilizochongwa na kila alama na fundisho lake, wasomi wameijadili mara nyingi. Mzee aliyeshika fimbo alipata mwandishi wa kumfuata neno kwa neno, wakati mtoto aliyeshika kijiti alipata muhtasari.

Athari zake tunaishi nazo. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, watoto wa mlimani walikaa nyumbani hadi mwisho wa Juni. Elimu iliyowafuata huko ilikuwa vipindi vya redio na runinga, na kwa wenye uwezo, makaratasi ya maswali ya kutoa kopi mjini Moshi. Bibi alikuwepo siku zote hizo, na ngano zake na vitendawili vyake, lakini nani alimhesabu kuwa mwalimu? Kwenye makaratasi yale kila hadithi inaishia na swali: hadithi hii inatufundisha nini? Nilimsomea binamu yangu wa darasa la tatu hadithi moja. Sijafika mwisho ameshajibu: "Tusiwe wavivu." Hadithi yenyewe haikuwa na mvivu hata mmoja.

Kuna na suala la bweni. Mwaka 2023 Serikali ilizuia watoto wa awali hadi darasa la nne kulazwa bwenini bila kibali, na mkoani Kilimanjaro, kwenye shule nyingi za namna hiyo, mjadala ulikuwa mkali. Wenzetu wa elimu walizungumzia malezi na usalama, na ni haki yao. Mimi wa fasihi nauliza lingine. Kama Raum anasema kweli, mtoto wa miaka sita anayeishi kwa kengele na ratiba ataokota wapi vile vipande vya mambo ya wakubwa? Hasikii ugomvi wa mipaka ya kihamba, haoni mtu akipatana bei sokoni, hajifichi nyuma ya mlango wageni wakija. Ataigiza kitu gani, matroni peke yake?

Sisemi kihamba kilikuwa pepo. Adhabu zilikuwepo na Raum hazifichi, na yapo mambo ya zamani ambayo hakuna msichana wa leo angetaka yarudi. Lakini hayo hayaondoi haja ya kuwasikia watoto wenyewe.

Kila likizo wanafunzi wa Idara yetu wanakwenda kukusanya methali za wazee kwa ajili ya tasnifu. Ningefurahi mwenzetu mmoja, likizo ijayo, awaache wazee wapumzike, aketi karibu na wanaocheza baba na mama chini ya migomba na aandike kila neno kama lilivyosemwa, matusi yakiwemo.