Jengo Nalo Lina Fani na Maudhui: Jibu Kutoka Uyole

Katika semina moja mwenzangu aliniuliza, "Hivi kwenu Uyole kuna jengo gani la kupiga picha?" Darasa likacheka. Nilinyamaza, maana sikuwa na jibu. Leo najibu kwa vigezo vyetu vya uhakiki: fani na maudhui.

Tuanze na fani, kwani ndiyo inayowapumbaza wengi. Jengo la KICC, lililokamilika mwaka 1973 kwa usanifu wa Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso, ndiyo sura ya Nairobi. Limo hata katika noti za Kenya zilizotolewa 2019. Zanzibar nayo ina Beit al-Ajaib, ya mwaka 1883. Sehemu yake ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, Wazanzibari walihuzunika kana kwamba wamefiwa. Ni dhahiri kuwa jengo si mawe matupu, ni ishara.

Lakini ishara ya nani? Hapo tunaingia katika maudhui. Beit al-Ajaib ilijengwa kwa ajili ya sherehe za Sultani Barghash. KICC ilibuniwa kwanza iwe makao ya chama tawala, KANU. Mwananchi alikaribishwa baadaye, kama mhusika anayeletwa jukwaani pazia likiwa karibu kufungwa.

Sasa tazama kituo cha TAZARA pale Mbeya. Fani yake ni kavu: zege tupu, nakshi hakuna. Maudhui yake je? Reli ile ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa 1970 hadi 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, ili Zambia isitegemee njia zilizoshikwa na walowezi wa kusini. Waliochimba mahandaki yake walikuwa watu wa kawaida. Kwangu mimi, kituo kile kinazidi minara mingi kwa uzito wa dhamira.

Na Uyole? Mnara hatuna, tuna njiapanda. Barabara kuu inapita kwenda Tunduma, nyingine inashuka Tukuyu hadi Kyela na mpaka wa Malawi. Viazi, ndizi na mchele hukutana pale, na Kisafwa hukutana na Kinyakyusa. Shangazi yangu akisema tu, "Nipo njiapanda," kila mtu anajua pa kumkuta. Huo si utambulisho, jamani?

Hata hivyo, mhakiki asipendelee kwao. Njiapanda ina udhaifu wake: haina mlinzi. Jengo likianza kubomoka watu hupiga kelele, lakini barabara ikipanuliwa na meza za kina mama zikaondolewa, nani ataandika kwamba mji umepoteza sura yake?

Basi mwenzangu, kosa langu siku ile halikuwa kukosa jengo. Nilikosea kukubali kwamba bila jengo sina kwetu. Karibu Uyole, uje na kamera yako. Shangazi atakuonyesha pa kusimama.