Ugomvi wa mashabiki umo katika kijineno ‘ya’

Jumapili moja majuzi nilipanda matatu ya Rongai karibu na uga wa Nyayo, mechi ya Gor Mahia ikiwa imemalizika muda mfupi tu. Gari lilijaa jezi za kijani. Nilibanwa kwenye kiti cha nyuma na, kwa tabia mbaya ya watu wa fani yangu, nikaanza kusikiliza maneno ya watu yasiyonihusu.

Mzee mmoja wa makamo yangu alikuwa akimwelimisha kijana aliyeketi mbele yake. “Hii timu ni ya Waluo, mwanangu. Mengine yote ni maneno ya magazeti.”

“Mzee, nisamehe,” kijana akasema. “Mimi naitwa Otieno, lakini Kijaluo changu ni cha kuombea maji tu. Nimezaliwa Jericho. Na mechi sikosi. Sasa hii timu si yangu?”

“Ni yako. Lakini ni yetu.”

Abiria wakacheka. Hapo mama mmoja, naye amevaa jezi ya kijani, akageuka. “Na mimi Mkamba wa Machakos je?”

“Wewe ni mgeni wetu, mama. Karibu sana.”

“Mgeni ni siku mbili, mzee. Mimi hilo jembe nimelishika miaka kumi na miwili sasa.”

Nimeyatafakari mazungumzo hayo tangu siku ile, kwa sababu watu hawa watatu hawakuwa wapinzani. Walikuwa mashabiki wa timu moja, waliotoka kushangilia mabao yale yale. Hawakugombania kocha wala mwamuzi. Waligombania silabi moja, ‘ya’.

Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza huiita a-unganifu na kuipita mbio, wakidhani kazi yake ni kuonyesha nani anamiliki nini. Ni kweli kwamba ‘nyumba ya Amina’ ni nyumba anayoimiliki Amina. Lakini ‘maji ya kisima’ hayamilikiwi na kisima, yametoka huko. ‘Kiti cha mbao’ hakimilikiwi na mbao, kimeundwa kwazo. Na ‘chai ya asubuhi’ imetajwa kwa wakati wake tu. Mzee aliposema timu ni ‘ya Waluo’, alikuwa na maana ya kisima. Mama wa Machakos alisikia nyumba ya Amina. Wote wawili walisema Kiswahili sahihi, na ndiyo maana hakuna aliyeweza kumsahihisha mwenzake.

‘Yetu’ nayo ina kasoro yake. Kimalei kina maneno mawili ya ‘sisi’: kita ni sisi pamoja nawe unayeambiwa, kami ni sisi bila wewe. Kiswahili hakina utengano huo. “Ni yako, lakini ni yetu” ni sentensi ambayo Mmalei angelazimika kuamua upande kabla hajaitamka. Mzee wetu hakulazimika. Alimkaribisha kijana na kumfungia mlango kwa neno lilo hilo.

Msomaji asiyefuata soka ataniuliza kwa nini mzee ang’ang’anie asili. Sababu ni kwamba asili yenyewe haina shaka. Gor Mahia iliasisiwa mwaka 1968 kutokana na Luo Union na Luo Stars, na mwaka huo huo ikatwaa ubingwa wa nchi. Imebeba jina la mganga mashuhuri wa Kanyamwa, katika Kaunti ya Homa Bay ya leo, ambaye visa vya maajabu yake vinasimuliwa hadi sasa. Upande wa pili, AFC Leopards ilianza mwaka 1964 ikiitwa Abaluhya Football Club, baada ya timu ndogondogo za sehemu kama vile Bunyore, Marama na Samia kuunganishwa.

Nisimame kidogo hapo pa Abaluhya, maana pana jambo ambalo mashabiki wengi wamelisahau. Jina hilo lenyewe si la kale. Lilienea katika miaka ya 1930 na 1940, likakusanya chini ya mwavuli mmoja watu waliokuwa wakijitambua kama Wamaragoli, Wabukusu, Wanyore, Wawanga na wengineo, ambao baadhi yao hawaelewani kwa lugha bila taabu. Kwa hivyo mwaka 1964, kuiita timu Abaluhya hakukuwa kujifungia ndani ya kabila. Kulikuwa kutoka nje ya kijiji. Mchezaji wa Bunyore na wa Samia waliambiwa wavae jezi moja na kuwa kitu kimoja, labda mara ya kwanza maishani mwao. Jina ambalo leo tunaliona finyu lilikuwa pana siku lilipobuniwa.

Mwaka 1980 serikali ya Rais Moi iliamuru majina ya kikabila yaondolewe. Kilichofuata kingefaa kusomwa katika darasa la isimujamii. Abaluhya wakatafuta maneno ya kujaza herufi A, F na C, wakapata All Footballers Confederation, wakaongeza Leopards. Luo Union, iliyokuwa imesimama tena kivyake, ikajiita Re-Union. Serikali ilipata majina mapya, mashabiki wakabaki na herufi zao. Na chui yule wa Kiingereza hakukaa sana kabla hajarudi kuwa Ingwe, jina lake katika lahaja kadhaa za Kiluhya (na pia katika Kizulu, kwa hiyo Mzulu akija Nyayo hahitaji mkalimani). Sijui mfano mzuri kuliko huo wa amri kushinda karatasini na kushindwa majukwaani.

Wapo wanaosema leo kwamba kazi ile ikamilishwe: majina, ngoma na nyimbo za lugha za mama vitolewe, wadhamini waje, na kila Mkenya ajisikie yuko kwake. Hoja hii husemwa na watu wema, na mimi siikubali. Tuna timu zisizo na kabila. Tusker, iliyokuwa ikijulikana kama Kenya Breweries, imetwaa ubingwa mara nyingi, na Ulinzi Stars ni ya jeshi. Ni timu nzuri. Lakini nenda ukahesabu watu majukwaani siku zinapocheza. Shabiki hafuati bia uwanjani. Hiyo anaipata mtaani kwake. Tazama pia Shabana ya Kisii. Jina lilitokana na duka la vifaa vya ujenzi, halina hata silabi moja ya Ekegusii, na bado Wagusii wameikumbatia kana kwamba ililetwa na mababu. Ukiondoa jina, watu watautia moyo wao katika jina lolote utakalowapa.

Isitoshe, kuna vitu ambavyo vijana wa mjini hawavipati tena ila uwanjani. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya turathi zinazohitaji kuokolewa haraka. Kijana wa Kangemi aliyezaliwa na kukulia huko ataisikia wapi? Mazishini akisafirishwa hadi Kakamega, na kwenye jukwaa la Ingwe. Anayetaka ngoma hiyo inyamazishwe kwa jina la umoja wa taifa atwambie kwanza umoja huo utachezwa kwa ngoma gani.

Lakini sitaki kumpa mzee wa matatu ushindi wa bure. Asili ni jambo moja, umiliki ni jingine, na vilabu vyetu vimelipa ghali kwa kuvichanganya. Mwanasiasa akitaka kura huja na hundi na kuitwa ‘mlezi’, na mlezi bila shaka anahitaji mtoto asiyekua. Yote hayo hupitia katika ule upenyo wa ‘ya’: kwa kuwa timu ilitoka kwetu, basi sisi peke yetu ndio wenye kauli, na miongoni mwetu, mwenye sauti kubwa ndiye mwenye kauli zaidi.

Nadhani lugha yenyewe ya mashabiki wa Gor Mahia ina njia bora kuliko ‘ya’. Timu yao wanaiita K’Ogalo. Ile K’ ni ufupisho wa ka-, na ka- ya Kidholuo haimaanishi ‘mali ya’. Inamaanisha ‘kwa’, yaani nyumbani kwa fulani, kama tunavyoiona katika Kanyamwa au Kanyada. Sisi nasi tunayo ‘kwa’ hiyo hiyo. Ukisema unakwenda kwa Amina, hakuna anayeuliza kama umeinunua nyumba. Kila mtu anajua kwamba nyumba ina mwenyewe, ina desturi zake, chakula chake na lugha inayosemwa mezani. Na kila mtu anajua kwamba milango iko wazi, kwamba waliooa na kuolewa humo wana haki zao, na kwamba mtoto aliyelelewa humo haulizwi damu yake kila anapoomba chumvi.

Hapo ndipo ninapolipenda jina ambalo mashabiki wenyewe waliupa mchuano wa Gor na Leopards: debi ya Mashemeji. Halikutoka kwa serikali wala kwa wadhamini. Limetoka katika ukweli wa Maseno, Luanda na Yala, ambako Mluo na Mluhya wanaoana, wanauziana kuku, wanazozania mpaka, na mara nyingi wanasema lugha mbili ndani ya sentensi moja. Shemeji humchagui. Unamtania, unamlalamikia, unamnyima hata pesa, ila huwezi kumfuta, kwa sababu wapwa zako wanaitwa kwa jina lake.

Ndiyo maana hunikera kurasa za michezo za humu nchini zinapowaita ‘mahasimu wa jadi’ wiki nenda wiki rudi. Hasimu ni adui. Watanzania, ambao Simba na Yanga zao zinakesha zikizomeana, wameshika neno ‘watani wa jadi’, na utani ni mkataba wa kale: mtani anaweza kukutukana hata msibani, nawe huruhusiwi kukasirika. Sisemi kwamba neno pekee huzuia mawe. Hata Dar es Salaam watu hupigana. Lakini kijana anayeambiwa kila wiki kwamba anakwenda kukutana na hasimu atakwenda na kitu mfukoni. Wahariri wangeazima tu neno ambalo mashabiki wao wameshawapa bure.

Nami nikiri upande wangu, kabla sijaulizwa. Mimi ni mtu wa Pwani na shabiki wa Ingwe kwa zaidi ya miaka arobaini. Sina shangazi Kakamega wala mjomba Vihiga. Aliyenipeleka huko ni Mahmoud Abbas, kipa wa Mombasa aliyekuja kuitwa Kenya One, nilipomwona akilinda lango la Leopards mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwetu mtaani hakuna aliyesema ‘timu ya Waluhya’. Tulisema ‘kwa kina Abbas’. Na mwaka 1987, Gor Mahia ilipotoka sare ya 2-2 mjini Tunis na 1-1 hapa Nairobi dhidi ya Espérance, ikabeba Kombe la Mandela kwa mabao ya ugenini, nilipiga kelele redioni hadi jirani akaja kuuliza nani amekufa. Siku ile nilisema ‘tumeshinda’ bila kujiuliza ‘tu’ hiyo ilikuwa ya akina nani.

‘Kwa’ hata hivyo haimalizi mambo yote, na mama wa Machakos aliligundua hilo kabla yangu. Tulipokaribia Bomas alikusanya mifuko yake, akamgusa mzee begani.

“Mzee, niambie ukweli. Kadi ya uanachama ninayo, na nimelipa. Nikigombea uweka hazina mwaka ujao, utanipigia kura?”

Mzee alitazama dirishani kwa muda. “Kwanza tumalize ligi,” akasema.

Gari zima likacheka. Otieno akacheka. Mama akateremka bila kucheka.