Katiba Fupi ya Python

Julai 2018, Guido van Rossum aliwaandikia wenzake kwamba anang'atuka. Ndiye mwanzilishi wa lugha ya programu ya Python, na kwa miaka mingi neno lake lilikuwa la mwisho. Walimwita dikteta mwema wa maisha. Kilichomchosha ni mabishano makali juu ya alama ndogo hii, :=, inayomruhusu mwandishi wa programu kulipa jina thamani papo hapo katikati ya sentensi ya msimbo. Pendekezo lilipita. Yeye akaondoka bila kuteua mrithi.

Walioachiwa mzigo walikuwa mafundi wa msimbo, si mabingwa wa kuandika katiba, na ndiyo maana naistahi sana kazi yao. Walileta mapendekezo saba ya uongozi, wakayapigia kura kwa kuyapanga kuanzia linalopendwa zaidi. Desemba likashinda la Nathaniel Smith na Donald Stufft: baraza la watu watano, linalochaguliwa upya kila toleo jipya la lugha linapotoka. Katika baraza la kwanza, mwaka 2019, van Rossum naye alichaguliwa, akawa na kura moja kama wenzake.

Hati yenyewe ya uongozi huo, iitwayo PEP 13, unaimaliza kwa kikao kimoja. Inalipa baraza mamlaka mapana, kisha inaliagiza liyatumie kwa uchache kadiri iwezekanavyo: litafute maafikiano kabla ya kura, na badala ya kuamua kila pendekezo lenyewe, liweke utaratibu wa kuamua. Theluthi mbili ya kura za kutokuwa na imani zinatosha kuling'oa. Ila kifungu ninachokipenda kuliko vyote kinahusu ajira: wajumbe wa mwajiri mmoja wasizidi wawili. Mjumbe akibadili kazi katikati ya muhula na wakawa watatu, lazima mmoja ajiuzulu mara moja. Waliandika hivyo mapema, kabla hajapatikana mtu wa kumshuku.

Fedha nazo zina nyumba yake. Python Software Foundation, taasisi isiyo ya faida iliyoanzishwa 2001, ndiyo inayolinda jina na nembo, kupokea michango ya makampuni na kuandaa mkutano wa PyCon wa Marekani. Mfadhili hushukuriwa hadharani, lakini mchango wake haumnunulii kiti kwenye baraza.

Ukiwa na mradi wa programu huria unaoanza kupata wafadhili, isome hati hii, PEP 13, kabla hundi ya kwanza haijaingia benki.