Sikio la Bibi Kizee: Kuisoma Upya Ngano ya Shing'weng'we

Mhakiki akikutana na zimwi katika fasihi simulizi, haraka huuliza: linawakilisha nini? Mtu wa siasa atajibu, mkoloni. Mtu wa dini atajibu, Ibilisi. Na kweli Joseph Healey na Donald Sybertz, katika kitabu chao cha teolojia cha 1996, wanamlinganisha shujaa wa ngano ya Shing'weng'we na Kristo. Majibu haya si mabaya. Ubaya ni kwamba jibu likishapatikana, hadithi yenyewe hutupwa kama kapi la muwa.

Sisi tuliokulia Bariadi kisa tunakijua. Shing'weng'we, zimwi la Wasukuma, linameza watu wote pamoja na mifugo. Anabaki mama mmoja mjamzito, aliyejificha kwenye pumba. Anamzaa Masala Kulangwa, yaani mwerevu mwenye kuelewa upesi. Kijana akishakua, analiua zimwi, analipasua tumbo, na watu wanatoka wazima. Hapo ndipo wengi hufunga daftari.

Lakini hebu tuangalie mambo mawili yanayorukwa. Kwanza, kabla ya ushindi kijana anaua panzi, kisha ndege, kisha swala, na kila mara anarudi kwa mama akijigamba kwamba kaliua zimwi. Mama anamwambia: bado, siye huyo. Pili, wakati wa kulipasua tumbo, kisu kinamkata sikio bibi kizee mmoja. Bibi anakasirika, anamtukana mkombozi wake, anataka hata kumroga.

Kwa maoni yangu, dhamira kuu imelala hapa: kazi ngumu si kuliua zimwi, ni kujua nani si zimwi. Panzi si zimwi. Na bibi mwenye hasira, je?

Swali hili si la darasani tu. Usukuma umeshuhudia mauaji ya vikongwe walioitwa wachawi, mauaji ambayo Simeon Mesaki aliyachambua katika maandishi yake ya miaka ya 1990. Eti macho mekundu ndiyo ushahidi! Jamani, mtu aliyepikia kuni maisha yake yote, macho yake yawe meupe kwa lipi? Sanaa ya kisasa nayo haijasaidia sana: katika filamu ya Mussa Banzi, *Shumileta* (2005), jini amepewa sura ya mwanamke. Zimwi la ngano lilikuwa kubwa, likaonekana na kila mtu; hili jipya linaweza kuwa jirani yako, na mwenye panga ndiye anayeamua.

Mtu anaweza kupinga kwamba ngano nayo inaamini uchawi, kwani bibi anatishia kuroga. Ni kweli, na tusiisafishe kupita kiasi. Ila tazama jamii ile inafanya nini. Inamlinda kijana, halafu inatafuta dawa, na sikio la bibi linapona. Ndipo Masala Kulangwa anapotawazwa kuwa mtemi. Hakuna anayependekeza bibi arudishwe tumboni.

Kwa hiyo, anayeisimulia ngano hii leo, awe padri, mwalimu au mwanasiasa, akiishia kwenye tumbo lililopasuliwa amesimulia nusu. Tena ni nusu ya hatari, maana inafundisha kuua bila kufundisha kutofautisha. Utemi wa kijana yule haukutokana na kisu peke yake. Ulisubiri kwanza sikio lipone.