Kabisa imemeza wenzake

Hapa kwetu Goma neno moja linafanya kazi ya maneno ishirini, nalo ni kabisa. Harusi ilikuwa nzuri kabisa, foleni ya maji ilikuwa ndefu kabisa, mchungaji alihubiri kabisa. Tumekaa kwenye matanga ambapo wasemaji watatu walifuatana, kila mmoja akimwita marehemu "mwema kabisa", hata tukatoka pale bila kujua alikuwa mtu wa namna gani. Na kabisa ikichoka, tunaisukuma kwa Kifaransa: "Vraiment, kabisa kabisa, trop!"

Hatusemi kwamba neno hili ni baya. Ni Kiswahili safi, na hata wasemaji wa Kinyarwanda wamelichukua wakalifanya lao. Lawama yetu ni kwamba limemeza wenzake.

Maana Kiswahili hakikuwa na neno moja tu la kuonyesha kwamba jambo limefika mwisho wake. Shuka ni nyeupe pe, makaa ni meusi ti, damu ni nyekundu pyu. Mtu analala fofofo, analewa chakari. Soko linajaa pomoni. Usiku ni giza totoro. Watu wanakaa kimya jii. Ukiyabadilisha, watu watacheka, kwani hakuna aliyelewa fofofo wala gunia lililojaa chakari. Kila neno lina bwana wake, na halitoki nyumbani kwake.

Vijana wetu wanaosoma Kiingereza jioni, wakitumaini kazi katika mashirika, wanakariri kwamba Waingereza husema utter kwa upuuzi na sheer kwa bahati, na kwamba kuzigeuza kunakwaruza sikio. Wanalalamika eti lugha gani hii isiyo na sheria. Lakini ukiwauliza soko linajaaje, wanajibu: "Inajaa kabisa." Yaani wanamshangaa mgeni kwa desturi ambayo baba yao anayo.

Wengine watatujibu kwamba totoro na fofofo ni mambo ya pwani, na sisi Kiswahili chetu kilikuja kwa barabara nyingine. Ni kweli kwa sehemu. Lakini desturi yenyewe tulikuwa nayo kabla. Bakoko wetu walipotoa hadithi usiku, iwe kwa Kihunde, Kinande, Kihavu ama Kinyarwanda, hawakusema jitu lilianguka "sana". Walitoa sauti ya kuanguka kwake, na mtoto aliyekuwa anasinzia akaamka. Mpaka leo msemaji wa Kinyarwanda akitaka kukaza neno anafunga na pe, na sikio letu linasikia undugu na ile pe ya shuka, ingawa hatutaapa kwamba mama yao ni mmoja.

Hata Kiswahili cha hapa, kile cha sokoni Virunga, si maskini hivyo. Tunavuta vokali: mbali kuleee. Tunasugua viganja kuonyesha kwamba hakuna kilichobaki. Na tuko na tupu. Hili tunalipenda kuliko yote. Chupa tupu haina kitu. Lakini "ile ni bongo tupu" maana yake ni uongo usiochanganyika na kitu kingine. Neno moja linasema hakuna kitu, na linasema kuna kitu kimoja pekee mpaka ukingoni. Watu wa pwani wanalipatanisha, wanasema uongo mtupu. Sisi tunaliacha hivyo hivyo, na mwalimu analipiga kalamu nyekundu. Tungekuwa sisi, tungeliacha.

Je, kuna hasara gani? Turudi tarehe 17 Januari 2002, moto wa Nyiragongo uliposhuka mpaka ziwani. Upande wa Gisenyi, kati ya wakimbizi, neno lilikuwa moja: "Goma imeisha kabisa." Aliyesema hivyo hakudanganya uchungu wake. Kanisa kuu la Saint-Joseph liliungua, sehemu ya kaskazini ya njia ya ndege ilifunikwa, maelfu na maelfu walikosa nyumba. Lakini mawe yalifunika karibu asilimia 13 ya mji, na baada ya siku chache tu watu walikuwa wanarudi, wakitembea juu ya mawe ambayo bado yalikuwa na joto.

Tulikuwa kwenye mstari siku ya kuandikisha majina ya msaada. Mama mmoja aliyeunguliwa jiko la mbao alisema: "Iliungua kabisa." Nyuma yake akaja jirani ambaye parcelle yake ilizama chini ya mawe hata paa halionekani, naye akasema: "Iliungua kabisa." Karani akaandika neno lile lile mara mbili. Huyu wa pili alisimama kidogo, akasugua viganja mbele ya meza. Karani alikuwa ameshaita jina linalofuata, na viganja haviandikwi kwenye daftari. Sisi tuliokuwa pale, tena tuliosoma, hatukumpa neno lolote la kumsaidia, maana hata sisi tulikuwa na kabisa peke yake mdomoni.

Mlima ulitoka tena tarehe 22 Mei 2021. Siku tano baadaye gavana wa kijeshi aliagiza mitaa kumi ihame, tukaenda Sake kwa miguu pamoja na umati. Watu waliotupigia simu kutoka nje ya nchi walituuliza kama mji umehama kabisa, tukajibu kabisa. Usiku tulimpata kwa simu kijana mmoja wa mtaani kwetu aliyekataa kuondoka, kwa sababu alikuwa analinda duka la mjomba wake. Tukamuuliza kukoje huko.

"Mu ville kuko imbwa tupu," akasema.

Tukauona mji mzima.