Mzee wa ukoo mdogo

Baraza la wazee Garissa, chini ya mgunga, haliingiwi kwa kutaja shida. Linaingiwa kwa salamu, na salamu ya Kisomali yenyewe ni swali: Ma nabad baa? Je, ni amani? Ukishajibu, utaulizwa mvua, malisho, ngamia, watoto, kila kimoja kwa zamu yake, na anayeuliza hungoja jibu. Chai ya maziwa iliyokolea sukari inamiminwa kutoka kwenye chupa. Mgeni aliyetoka Nairobi na haraka zake anaanza kutazama saa. Nimekaa kwenye vikao hivyo vya kutosha kujua kwamba wakati huo kazi imeshaanza. Mwenye shauri anapimwa. Anasikiliza? Anamwita mzee wa upande wa pili adeer, yaani ami, ingawa koo zao zimekosana? Akishindwa hapo, hoja yake itasikilizwa lakini haitapokewa.

Naupenda ufundi huu, na sijui mahali ulipofanya kazi nzito kuliko Wajir, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ukame ulikuwa umemaliza mifugo. Serikali ya Somalia ilikuwa imeanguka mwaka 1991, na bunduki zilivuka mpaka pamoja na wakimbizi. Koo zikauana. Usiku mmoja mwalimu kijana, Dekha Ibrahim Abdi, mzaliwa wa Wajir wa mwaka 1964, alijificha chini ya kitanda na mtoto wake wa kwanza huku risasi zikilia nje. Mama yake akamwambia kwamba yeye naye aliwahi kujificha hivyo hivyo, na mtoto aliyekuwa naye ndiye Dekha.

Dekha na wanawake wenzake walianzia karibu: sokoni. Uadui ulikuwa umefika kwenye meza za maziwa na mboga, mwanamke wa ukoo huu hamuuzii wa ukoo ule. Wakakubaliana kwamba soko ni la wote, wakaweka wenzao wa kuangalia kila siku, na palipotokea ugomvi wakaenda kuumaliza pale pale.

Kisha wakawageukia wazee, na hapa ndipo napenda kutua. Shir, baraza la Kisomali, ni la wanaume. Wanawake hawa walikuwa wamepoteza ndugu na waume. Wangesimama barabarani na kuwalaani wazee hadharani, na nani angewalaumu? Wao wakaenda kuomba. Tena walijua wa kumwomba. Ukoo mkubwa mmoja ukiita kikao, mwingine hautakuja. Basi wakamtafuta mzee wa ukoo mdogo kuliko zote, ambaye hakuna aliyemhofu wala aliyemshuku kwamba anataka kutawala, wakamwomba awe msemaji wao. Wazee walipokutana, ni yeye aliyesimama na kuuliza vita hivi vinamfaidi nani. Wanawake walikuwa wameketi, kimya.

Tazama kilichofanyika hapo. Hakuna mzee aliyeaibishwa, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kujitetea. Swali lilitoka kwa mzee mwenzao, kwa lugha yao, na kulijibu hakukumshushia mtu hadhi. Vikao vikafuatana, na Septemba 1993 likatiwa saini Azimio la Al-Fatah, lililoweka masharti ya koo kurudi kuishi pamoja. Mwaka 1995 juhudi hizo zikaingizwa katika mfumo wa serikali ya wilaya, kupitia Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir. Mfano wake ukaigwa katika wilaya nyingine za Kenya.

Wapo wanaosema adabu ni silaha ya mnyonge. Katika eneo hili la kaskazini mashariki mwa Kenya njia ya nguvu ilijaribiwa sana: sheria ya hali ya hatari ilidumu tangu miaka ya 1960 hadi 1991, na Februari 1984 wanajeshi waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla na kuwaua. Nguvu hiyo yote haikuleta amani. Wanawake wa sokoni waliileta, na hawakuwa wanyonge hata kidogo.

Mwaka 2007 Dekha alipewa Tuzo ya Right Livelihood. Nchi ilipowaka baada ya uchaguzi wa Desemba mwaka huo, alikuwa pamoja na Balozi Bethuel Kiplagat, Jenerali Daniel Opande na Jenerali Lazaro Sumbeiywo wakiwaita Wakenya wakae wazungumze. Alifariki Julai 2011, kutokana na ajali ya gari iliyompata akiwa safarini kuelekea Garissa.

Wewe unayejiandaa kuomba kura za 2027, Garissa, Wajir au Mandera, kabla hujakodi vipaza sauti, mtafute mzee wa ukoo ambao kura zake hazitoshi kukupa hata kiti cha wadi. Kaa, unywe chai yake, umwache azungumze kwanza.